Samaki wa dhahabu kwenye joto la Dar: kwa nini hufa mapema, na namna ya kuwatunza wakaishi

Mtu ananunua samaki wawili wa dhahabu, anawapeleka nyumbani Tabata au Mbagala, anawaweka kwenye bakuli la kioo juu ya kabati la televisheni. Wiki ya kwanza wanachangamka. Wiki ya pili mmoja anatulia chini amekunja mapezi, maji yamepata ukungu mweupe, na kesho yake asubuhi anakutwa ameelea. Nyumba nzima inakubaliana kwamba samaki hawa hawadumu. Wanadumu sana. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, na yuko mmoja Uingereza aliyechukuliwa kwenye maonyesho mwaka 1956 akafa mwaka 1999, akiwa na miaka 43. Hawa wa juu ya kabati waliuawa na maji yao wenyewe, na joto la Dar likaharakisha.

Maelekezo mengi ya kufuga samaki hawa yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Walianza kufugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kutoka kwa samaki wa jamii ya karpi wanaoishi mitoni na mabwawani. Maji wanayoyapenda ni ya nyuzijoto 18 hadi 24. Sebule ya Dar haiwapi maji hayo. Mwezi wa saba maji ya tangi yanaweza kushuka kidogo, lakini Desemba hadi Machi hukaa kwenye 28, 29, hata 30. Samaki wa dhahabu huvumilia joto hilo, ila gharama yake ni kubwa. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni takribani miligramu 9 kwa lita. Yakifika 30 hubeba 7.5 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki unafanya kazi haraka zaidi, kwa hiyo anahitaji hewa zaidi, anakula zaidi na anatoa uchafu zaidi. Hewa inapungua kwa wakati uleule anaoihitaji zaidi.

Halafu kuna amonia, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu haionekani.

Hesabu ya amonia

Samaki hutoa amonia hasa kwa matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Inatokana na protini ya chakula. Kwa chakula chenye protini asilimia 40, kila gramu 1 inayoliwa huacha majini karibu miligramu 37 za naitrojeni ya amonia. Gramu 1 ni chini kidogo ya nusu kijiko cha chai cha punje, nacho ni chakula cha kawaida cha siku kwa samaki wawili wenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ukiwa na bakuli la lita 10, hizo ni miligramu 3.7 kwa lita kwa siku moja. Ukiwa na tangi la lita 120, ni 0.3 tu. Samaki ni walewale na chakula ni kilekile. Tofauti ni nafasi.

Amonia hiyo huwa ya namna mbili majini. Moja haina madhara makubwa; ya pili huchoma matamvua hata ikiwa kidogo kama miligramu 0.05 kwa lita. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni joto na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye nyuzi 28, maji yakiwa na pH 7, sehemu ya sumu haifiki hata 1 kati ya 100. Yakiwa na pH 8, inafika 6 au 7. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupata kipimo kimoja cha amonia, samaki wa mmoja wakaogelea vizuri na wa mwingine wakawa wanatweta juu ya maji. Na ndiyo maana si busara kuokota makombe na vipande vya matumbawe ufukweni Kunduchi ukavitia tangini kuwa pambo: huyeyuka polepole, hupandisha pH, na amonia iliyokuwa imelala inaamka.

Wanaoiondoa amonia ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huharibu damu isibebe oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hushikamana na sponji ya filta, mchanga na kuta za kioo, na wanahitaji oksijeni kama samaki. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na kuwapata huchukua wiki 4 hadi 6.

Utaratibu unaofaa ni kuandaa tangi kabla ya samaki. Jaza maji yasiyo na klorini, washa filta, kisha weka chakula kidogo kila siku kana kwamba samaki wapo, kioze. Pima kwa vipimo vya matone, vile vya kudondoshea dawa kwenye maji kidogo ya tangi ukasoma rangi, kila baada ya siku mbili. Utaona amonia ikipanda, kisha nitriti, kisha zote mbili zikirudi sifuri huku nitrati ikitokea. Hapo tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji ndipo ulete samaki. Joto letu linasaidia hapa, kwa maana bakteria hawa huongezeka haraka kwenye maji ya vuguvugu. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi la siku nyingi la rafiki mwenye samaki wazima, kibebe kikiwa kimelowa na ukiweke kwenye filta yako siku hiyohiyo. Kitakuokolea wiki kadhaa. Na kama samaki tayari wamo, lisha mara moja kila siku mbili, pima kila siku, na kila amonia au nitriti ikipita miligramu 0.5 kwa lita badilisha theluthi hadi nusu ya maji. Ni kazi ya mwezi mzima. Ukiilegeza wiki ya pili ndipo wanapokufa.

Tangi na filta

Samaki wa dhahabu wa mkia mmoja, mrefu na mwembamba, hufika sentimita 30 na ni waogeleaji wa kasi. Huyo afugwe kwenye bwawa la kivulini, si sebuleni. Kwa tangi la ndani chagua wa mwili mnene wenye mkia wa pande mbili, kama oranda mwenye kofia kichwani au yule mweusi mwenye macho ya kutokeza. Wa kwanza mpe lita 75, na kila anayeongezeka lita 40.

Fundi vioo yeyote mzuri anaweza kukutengenezea tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Mwambie kioo cha milimita 8. Ukilijaza hadi sentimita 36, ukitoa unene wa kioo, unapata takribani lita 120. Pamoja na kioo ni karibu kilo 150, kwa hiyo meza ya kawaida ya televisheni haifai. Chini yake tandika shiti ya povu ili kioo kisibebwe na nukta moja ya mbao iliyopinda. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Tubu nyingi za mafundi zimeandikwa kwamba zinafaa bafuni na jikoni, na hizo ndizo zenye dawa hiyo, ambayo ni sumu kwa samaki. Soma tubu mwenyewe kabla haijafunguliwa. Ikikauka kwa wiki moja, lijaze maji likiwa nje kwa siku mbili uone kama linavuja, kisha uyamwage.

Chini weka mchanga laini wa mto uliosuuzwa hadi maji yatoke meupe, au acha kioo kitupu. Kokoto za ukubwa wa njegere ni hatari: samaki huyu hula kwa kufyonza chini, na kokoto hukwama kooni.

Kuhusu filta, ushauri wetu kwa Dar ni tofauti na wa vitabuni. Filta kubwa ya kopo lililofungwa husafisha vizuri, lakini umeme ukikatika maji ndani yake husimama, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, na baada ya saa chache wanaanza kufa. Umeme ukirudi filta inatapika maji machafu yenye sumu moja kwa moja tangini. Kwa hiyo tumia filta mbili za sponji zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Ni za bei ndogo, zinatoa hewa na kusafisha kwa pamoja, na sponji iko wazi ndani ya maji, haifungiwi kokote. Ukiwa na filta ya kopo tayari, itumie, ila umeme ukikatika zaidi ya saa mbili au tatu ifungue, mwaga maji yake, na suuza sponji kabla ya kuiwasha tena.

Kwa usiku wa kukatika umeme, pampu ndogo ya hewa ya USB hutumia wati 1 au 2. Pawabenki ya mAh 10,000 huiendesha zaidi ya saa 12. Ijaribu mchana kwanza, kwa sababu baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo. Saa mbaya zaidi ni kuelekea alfajiri. Ikiwa tangi lina mimea au mwani mwingi, navyo huvuta oksijeni usiku kucha, na ukiamka saa 11 utawakuta samaki wamejipanga juu, midomo nje, wakimeza hewa.

Sponji ikizibwa usiioshe bombani. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, ikamue humo mara tatu nne, irudishe. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo ili iue bakteria. Haitawachagua wako wabaki.

Maji yanatoka wapi

Maji ya DAWASA yanayosafishwa Ruvu Juu na Ruvu Chini hutiwa klorini. Yaweke kwenye pipa saa 24 hadi 48 yakiwa na jiwe la hewa ndani, lile la kutoa mapovu linalounganishwa na pampu, klorini itatoka. Ukiwa na haraka tumia sodiamu thaiosalfeti: yeyusha gramu 100 katika lita 1 ya maji, kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo, pimia kwa bomba la sindano, kwa kila lita 10. Inafanya kazi ndani ya dakika chache. Pipa hilo lifunike kwa kifuniko au chandarua kilichokazwa vizuri, maana mbu anayeeneza dengue hutaga kwenye maji safi yaliyosimama, na Dar imeshapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Maji ya kisima hayana klorini ila yana mambo yake. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na maji yaliyotoka ardhini sasa hivi huwa na oksijeni kidogo na hewa ya ukaa nyingi. Yapigie hewa siku nzima ndipo upime pH, kwa sababu kipimo cha dakika ya kwanza kitakudanganya: pH hupanda hewa ya ukaa ikitoka. Samaki wa dhahabu huzoea maji ya chumvi kidogo. Kinachomuumiza ni kuhamishwa ghafla kutoka maji ya bomba wiki hii kwenda ya kisima wiki ijayo. Maji ya boza yachukulie kama yana klorini, maana hujui yalikotoka.

Kila wiki badilisha asilimia 40. Kwa tangi la lita 120 ni lita 48, ndoo mbili za lita 20 na chini kidogo ya nusu ya tatu. Nyonya kwa mpira kutoka chini, palipo na kinyesi. Watu wengi huona maji yamepungua kwa joto wakajazia tu, wakadhani wamebadilisha. Maji yanapokauka huacha chumvi na nitrati nyuma, na kujazia kunazilundika. Nitrati isipite miligramu 40 kwa lita.

Jambo moja dogo limeua samaki wengi: maji ya simtanki saa nane mchana. Tangi jeusi juani juu ya paa hutoa maji ya moto hasa. Badilisha maji asubuhi au jioni, tia kipimajoto ndani ya ndoo, na tofauti yake na tangi isizidi nyuzi 2.

Joto lenyewe utalipunguza kwa kuliweka tangi mbali na dirisha la jua, kuondoa kifuniko cha kioo na kuweka wavu, na kuelekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Mvuke unaotoka huondoka na joto. Kwa unyevu wa hewa ya Dar utapata nyuzi 1 hadi 3 tu, lakini kutoka 30 hadi 28 samaki anaona tofauti. Chupa ya barafu tumia siku ya dharura tu. Joto linalopanda na kushuka humchosha samaki kuliko joto lililotulia.

Na dawa ya mbu ya kupuliza. Aina nyingi hutengenezwa kwa pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Ukilazimika kupuliza, zima pampu, funika tangi lote kwa nailoni na taulo lililolowa, puliza chumba kingine, fungua madirisha nusu saa, ndipo ufunue. Bora zaidi ni wavu madirishani na chandarua kitandani.

Chakula, na dalili za kusoma

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula. Ana utumbo mrefu tu. Hawezi kushiba kama sisi tunavyoshiba, ndiyo maana kila ukipita anakuja kioo kukuomba. Mpe mara mbili kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika 1 hadi 2, na siku moja kwa wiki asile. Tumia punje zinazozama, uziloweke dakika moja kwanza. Punje zinazoelea humfanya ameze hewa, na wale wanene hupinduka tumbo juu. Akipinduka, mnyime chakula siku mbili, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Mchicha uliochemshwa kidogo nao wanaupenda. Mkate hapana, wali hapana.

Samaki anayetweta juu ya maji, mwenye mistari myekundu mapezini au anayejikuna kwenye sponji, kabla ya dawa yoyote mpimie maji. Mara nyingi jibu liko humo. Badilisha nusu, ongeza hewa, acha kulisha siku moja au mbili, na kama ni nitriti tia chumvi ya mawe gramu 1 kwa lita. Kloraidi yake huizuia nitriti isiingie mwilini. Usikimbilie vidonge vya antibaiotiki vya duka la dawa. Vingi huua bakteria wa filta, na baada ya siku mbili una ugonjwa na amonia kwa pamoja.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vilivyotapakaa mwilini na mkiani ni kimelea. Dawa yake ya kwanza ni chumvi gramu 3 kwa lita, kwa mafungu matatu yanayopishana saa 12. Beseni la lita 50 linataka gramu 150, yaani gramu 50 kila mara. Endelea siku 10 hadi 14 hata vidoa vikiisha, kwa sababu chumvi huua kimelea kinapoogelea huru, haikifikii kikiwa chini ya ngozi. Lakini vidoa hivyo vikiwa juu ya vifuniko vya matamvua na ukingoni mwa mapezi ya mbele tu, vimejipanga, na samaki anakula vizuri, huyo ni dume amekomaa na yuko tayari kuzaliana. Wengi wametiwa chumvi bure kwa kosa hilo. Magamba yakisimama kama koni ya msonobari, figo zimeshindwa, na wachache sana hupona.

Samaki mpya akae kwenye beseni lake wiki 3 hadi 4 kabla ya kuchanganywa. Ukimleta kwenye mfuko, baada ya safari ndefu ya foleni, acha mfuko uelee majini dakika 15 ukiwa umefungwa, joto lilingane. Kisha fungua na umhamishe mara moja kwa kipande cha wavu, maji ya mfuko uyamwage. Usimwache mfukoni umeufungua. Ukiwa umefungwa, hewa ya ukaa hushusha pH na amonia inatulia; ukifunguliwa hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia yote ya safari inageuka sumu ndani ya dakika chache.

Usiyemtaka tena mpe mfugaji mwingine. Usimtupe Mto Msimbazi wala bwawa lolote. Samaki huyu si wa mito yetu, hufukua chini na kubeba magonjwa.

Desemba watu wanapokwenda mikoani, tangi hubaki na jirani au kijana wa nyumbani, na wengi humaliza kopo la chakula kwa huruma. Samaki mzima mkubwa anakaa wiki nzima bila kula pasipo tatizo. Kwa safari ndefu zaidi, pima chakula cha kila siku mbili kwenye vikaratasi, andika tarehe juu yake, kopo ulifungie kabatini. Mwachie jirani namba yako, pampu ya USB na maelezo ya umeme ukikatika. Badilisha maji siku moja kabla ya kuondoka, usibadilishe siku yenyewe, ili kama kuna kosa ulione ukiwa bado uko nyumbani.